PICHA YA KICHWA IKO SAFI, KWA HIYO NI JINI?



Ndugu zangu, leo nitaandika kirefu. Mwenye haraka aihifadhi aisome baada ya Isha. Na mwenye tabia ya kusoma mistari miwili kisha akakimbilia kujibu, leo namwomba kwa heshima avumilie mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe linanihusu mimi kabla halijamhusu yeye.

Wiki iliyopita baada ya darsa alinijia baba mmoja na bahasha kubwa ya hospitali. Binti yake ameacha shule, usiku anaongea peke yake, anasema majirani wanayasikia mawazo yake. Wamempiga picha ya kichwa. Baba akaitoa ile filamu, akainyanyua kwenye taa ya msikiti, akaniambia: "Sheikh, daktari mwenyewe kasema picha iko safi. Hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja, hakuna kitu. Kwa hiyo si ugonjwa. Tusaidie utusomee."

Nilinyamaza kidogo. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya dada yangu, miaka minne iliyopita.

Nimewaomba ruhusa dada yangu na mwanawe kabla ya kuandika haya. Kijana mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Andika tu mjomba, ila jina langu usiliweke."

Alikuwa na miaka 16, yuko kidato cha tatu, mtoto wa hesabu. Juzuu kumi na nne alizihifadhi mbele yangu. Ilianza kwa vitu vidogo ambavyo mtu huvitafutia sababu. Akaacha mpira. Akaacha kuoga mpaka asukumwe. Alama shuleni zikashuka. Tukasema ni balehe, tukasema ni simu, shemeji yangu akasema ni bangi, tukampekua mifuko hatukuona hata njiti ya kiberiti. Kisha akawa hali chakula cha mamake mpaka yeye mama aonje kwanza.

Ijumaa moja nilihutubu juu ya amana. Jioni akaja kwangu, akasimama mlangoni hataki kuingia. "Mjomba, kwa nini umenisema mbele ya watu?" Nikamwambia sikukusema mwanangu. Akasema, "Uliposema amana ulinikusudia mimi, na msikiti mzima ukageuka kunitazama." Wallahi nilikuwa juu ya mimbari nawaona wote. Hakuna aliyegeuka. Tangu siku hiyo hata adhana ikiadhiniwa alikuwa anaziba masikio, anasema spika zinamtaja jina.

Sasa niambieni. Kijana anaziba masikio kwa adhana, na mjomba wake ni msomaji wa ruqya. Mimi nilifikiria nini? Nilifikiria mnachokifikiria nyinyi sasa hivi.

Nilimsomea miezi minane. Kombe la zafarani, maji ya kusomewa, majani ya mkunazi, habasoda, kila kitu. Nashukuru sikumpiga na sikuruhusu mtu ampige. Lakini alifungwa mikono kwa kanga za mamake, na vijana wawili walimkalia miguu, na mimi nilikuwa kichwani pake nasoma. Nikawa namwuliza huyo niliyedhani yumo ndani: wewe nani, umetoka wapi, umeingia kwa sababu gani? Yule mtoto akalia, akasema: "Mjomba, hakuna mtu humu. Ni mimi."

Nikawaambia waliokuwepo: mnasikia anavyodanganya?

Neno hilo nitakwenda nalo kaburini, na Mwenyezi Mungu ndiye wa kunisamehe.

Katikati ya miezi hiyo shemeji alimpeleka mtoto kupigwa picha, kipimo cha CT. Ikarudi safi. Nikaishika kama hoja. "Mmeona? Kama ni maradhi ya kichwa mashine ingeona." Familia nzima ikakubaliana nami, kwa sababu ilikuwa inasikika kama akili.

Aliyetutoa pale ni dada mmoja muuguzi wa afya ya akili anayehudhuria darsa ya wanawake. Kwa adabu yake hakunijia mimi, alimwambia mke wangu: "Mama, mwambie ustadhi picha ile inaonyesha kuta za nyumba. Haionyeshi waliomo ndani wanaongea vipi." Mke wangu akanifikishia usiku, taa zimezimwa. Nilikasirika. Kisha sikulala.

Tulipofika hospitali daktari hakumtia kwenye mashine yoyote. Alikaa naye karibu saa mbili. Akazungumza naye peke yake, akamwita mama, akaniita mimi, akauliza habari za ukoo, za kuzaliwa kwake, za kulala, za shule, akapima damu na mkojo kuondoa maradhi mengine. Nikamwuliza: daktari, kipimo kiko wapi? Akaniambia, "Sheikh, kipimo ndicho hiki." Akaandika skizofrenia.

Nikaanza kusoma. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo daktari mmoja kijana wa msikitini kwetu alinikalisha chini jioni nyingi akanifasiria. Haya ninayoyaandika nimeyapata hivyo, na nimempa ayapitie kabla sijayaweka hapa.

Jina lenyewe lilitolewa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka. Wengi wakadhani ni mtu mwenye nafsi mbili. Sivyo. Alikusudia kwamba kazi za akili, yaani fikra, hisia, kumbukumbu, utashi, zimeachana mikono. Kila moja ipo, ila haziendi pamoja. Wakati huo hapakuwa na chombo cha kuliona hilo likitokea.

Chombo kilikuja baadaye sana. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba MRI, ile mashine ya sumaku, inaweza kutofautisha damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa nayo. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni inamiminika pale. Ukipiga picha moja unaona umbo. Ukipiga mfululizo kwa dakika kadhaa unaona damu ikipanda na kushuka, sehemu hii na ile. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake huko Wisconsin wakaona jambo la ajabu: mtu amelala tu ndani ya mashine hafanyi lolote, lakini sehemu ya kulia na ya kushoto zinazoendesha mikono zinapanda na kushuka kwa pamoja. Watu wakaelewa kwamba ubongo uliopumzika haujanyamaza, na kwamba sehemu zinazokwenda kwa mapigo mamoja ni sehemu zinazoshirikiana kazi.

Mimi nimeielewa hivi. Umesimama nje ya ukuta, ndani kuna halaka tatu za dhikri. Huoni mtu hata mmoja. Lakini ukisikiliza kwa makini unajua nani yuko halaka gani, kwa sababu wa halaka moja wanapandisha pamoja na wanashusha pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya picha za namna hii. Kipimo cha CT alichopigwa mtoto wetu, na filamu ya yule baba, ni picha ya ukuta.

Mwaka huo huo wa 1995 Karl Friston na Chris Frith wa London waliandika kwamba huenda skizofrenia ni maradhi ya mawasiliano kati ya sehemu za ubongo kuliko kuharibika kwa sehemu moja. Na kwa vijana wadogo, waliofuatilia kwa muda mrefu zaidi ni taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, pale Bethesda, chini ya Dakta Judith Rapoport. Tangu 1990 walikusanya watoto ambao ugonjwa uliwaanza kabla ya kutimiza miaka 13, jambo ambalo ni nadra mno, maana kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini na kitu. Nawapenda watu hawa kwa jambo moja: wengi kati ya watoto walioletwa kwao walikutwa hawana skizofrenia kabisa, wana kitu kingine, na hilo lilijulikana kwa kuwakalia na kuwatazama kwa subira.

Kutokana na watoto hao, mwaka 2001 Paul Thompson na wenzake walilinganisha vijana 12 wagonjwa na 12 wazima, waliopigwa picha kwa kurudiwa kwa muda wa miaka kama mitano. Kila kijana, hata mzima, gamba la ubongo wake hupungua kidogo umri ule. Wakulima wa michungwa wa Muheza wanalijua hili: mti usiopogolewa matawi hauzai vizuri. Ubongo wa kijana unajipogoa, unakata viunganishi usivyovihitaji ili vilivyobaki viwe imara. Tangu 1982 Irwin Feinberg alishauliza, je, kama mpogoaji amepitiliza? Kwa wale vijana 12 upungufu ulikwenda kasi kuliko wenzao, ukaanzia upande wa nyuma kwa juu ukasambaa kuelekea mbele kama moto wa nyika. Basi ule umri tuliosema "ni balehe tu" ndio umri wenyewe.

Na mwaka 2010 Aaron Alexander-Bloch na wenzake wakatazama yale mapigo ya kupanda na kushuka kwa vijana 13 walioanza kuugua utotoni, wakawalinganisha na wazima 19. Ubongo mzima umepangika kama mji wenye mitaa. Majirani wa mtaa mmoja wanaongea sana wao kwa wao, na mtaa na mtaa wanaongea kwa kiasi. Kwa wagonjwa mpangilio huo ulikuwa umelegea: ndani ya mtaa mazungumzo yamepungua, baina ya mitaa yamezidi. Nyumba zote zimesimama. Hakuna ukuta uliobomoka. Ila jirani hamjibu jirani, na mtu wa mbali anapiga kelele uani kwako.

Nilipofasiriwa pale niliinuka nikaenda kusimama nje.

Kuna jambo jingine kuhusu zile sauti. Mimi na wewe tunajisemesha ndani kwa ndani kutwa nzima, na hatudhani kuna mtu. Kwa nini? Sehemu ya mbele ya ubongo inapotengeneza neno inaitaarifu sehemu ya kusikia: hili ni letu, usishtuke. Watafiti kama Judith Ford wamepima umeme wa ubongo na kuona kwamba kwa wenye skizofrenia taarifa hiyo ni dhaifu. Neno limezaliwa nyumbani, halina barua ya utambulisho, linapokewa kama mgeni. Maelezo haya hayajamaliza kila kitu kuhusu sauti, na wenyewe hawadai hivyo. Lakini yalinirudisha kwenye ile jioni ya kanga. Mtoto alisema, ni mimi. Alisema kweli kuliko sote tuliokuwa chumbani.

Sasa msije mkakimbia na hili upande wa pili, mkaenda hospitali kudai "kipimo cha mawasiliano ya ubongo". Daktari wetu kijana alinionya mapema. Matokeo hayo ni ya makundi. Ukichukua wastani wa wagonjwa na wastani wa wazima unaona tofauti, lakini ukimchukua kijana mmoja peke yake huwezi kuitazama picha yake ukasema huyu anaumwa, huyu haumwi. Wamo wazima wanaofanana na wagonjwa, na wagonjwa wanaofanana na wazima. Makundi yenyewe ni madogo, watu 12, watu 13, na wengi wao wako kwenye dawa. Halafu kuna hadithi ya kutikisika kichwa: mwaka 2012 timu tatu tofauti za watafiti zilionyesha kwamba kutikisika kwa chini ya milimita moja ndani ya mashine kunaleta tofauti za uongo, sehemu za mbali zinaonekana kama zimeachana na za karibu kama zimeshikana. Na nani anatikisika kuliko kijana, tena kijana aliyejaa hofu? Kazi nyingi za nyuma zikabidi zipitiwe upya. Niliwaheshimu zaidi kwa kulitangaza hilo wenyewe. Sisi wasomaji wa ruqya ni lini tulikaa tukatangaza tulipokosea?

Kwa hiyo picha ya kawaida ikiwa safi haithibitishi jini, na picha ya kitaalamu zaidi haitoi hukumu juu ya mwanao. Kipimo cha CT kina kazi yake: kuondoa uvimbe, damu, majeraha, mambo ambayo nayo yanaweza kumchanganya mtu akili. Ikirudi safi, daktari amefunga mlango mmoja. Bado milango mingine.

Najua kuna atakayeniandikia: Sheikh sasa unakanusha majini. Sikanushi. Sura nzima katika Msahafu imeitwa kwa jina lao. Lakini kuamini kwamba majini wapo ni jambo moja, na kudai kwamba mimi najua huyu mtoto mahsusi anaye ni jambo jingine, hilo ni dai la ghaibu. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alitufundisha tutafute dawa, na kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Waliotutangulia walifahamu. Pale Cairo, Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa mwaka 1284, wagonjwa wa akili walitengewa sehemu yao pamoja na wagonjwa wengine. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja. Sisi leo mtu akitaka kumtukana mwenzake anamwambia apelekwe Mirembe.

Kilichoniuma kuliko yote nilikijua baadaye, alipokuwa ameshatulia. Sauti zilikuwa zinamtukana Mwenyezi Mungu ndani ya kichwa chake, na yeye aliamini kwamba ameshatoka katika Uislamu. Miezi minane alikuwa anaswali huku anajihesabu kafiri. Hakumwambia mtu. Masuala haya katika fiqhi ni mepesi kabisa: aliyeondokewa na akili haandikiwi mpaka imrudie, na linalompitia mtu moyoni bila hiari yake halihesabiwi kuwa neno lake. Hilo halikuhitaji mashine ya sumaku. Lilihitaji mtu aliyesoma fiqhi akae pembeni yake amwulize taratibu, unasikia nini mwanangu? Mtu huyo nilikuwa mimi, na nilikuwa nauliza jini.

Hajapona kwa maana ile mnayoitaka. Anatumia dawa kila usiku. Mwanzo zilimlegeza, ulimi mzito, udenda, usingizi wa mchana kutwa, akanenepa. Daktari akabadilisha, akapunguza, ikachukua miezi. Sauti zimebaki kwa mbali, anasema kama redio ya nyumba ya tatu. Kidato cha nne alimaliza kwa kuchelewa, sasa yuko kwenye duka la kutoa fotokopi, hesabu za duka anafunga yeye. Ramadhani ya mwaka juzi aliacha dawa kimya kimya kwa kuogopea funga yake, siku ya kumi na tisa tukarudi tulikotoka. Ndugu zangu, mgonjwa ana ruhusa, na pia dawa nyingi daktari anaweza kuzipanga usiku. Ulizeni Shaabani, msingoje mwezi uingie.

Yule baba mwenye bahasha nilimsomea binti yake. Fatiha, Ayatul Kursiy na sura tatu za mwisho, kwa sauti ya chini, mama yake amemshika mkono, hazikupita dakika kumi. Sikumsemesha yeyote ila yeye. Nilimwuliza anaogopa nini zaidi, akaniambia, nikamjibu kwa kadiri ya ilmu yangu. Jumatatu tukaongozana nao kliniki. Baba alikwenda shingo upande, ile filamu kaibeba kwapani njia nzima. Daktari aliitazama kwa heshima, akairudisha kwenye bahasha, akamgeukia binti akamwambia, "Haya mama, nieleze tangu mwanzo."

Sisi tukatoka tukakaa kwenye benchi. Baba akaniuliza kama mtoto wa dada yangu anaweza kuja kuzungumza naye siku moja. Nimemfikishia. Kasema atafikiria, duka likifungwa mapema.

Tuwakumbuke wote wawili katika sijda zetu. Wallahu a'lam.